Talatu Alipouona Mji wa Katsina

Hafsatu hunipigia simu siku za Idi tu, na hata hizo huongea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kwa hiyo simu yake ilipoingia mchana wa siku ya kawaida, nikiwa nimejilaza sakafuni hapa Waberi, mtaani kwetu Garissa, kwa sababu godoro lilikuwa la moto, nilijua kabla sijaipokea kwamba kuna mtu amefariki. Hakunisalimia kwa urefu wa Kihausa, ule wa kuulizia uchovu, joto, watoto na kazi. Alisema, "Zahara, Talatu ametutoka." Nikasema innalillahi. Akaniambia ni presha, ilimwangusha asubuhi akiwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage, na alizikwa adhuhuri haijaadhiniwa, na watu walikuwa wengi. Nje punda wa mwuza maji alikuwa akipita na mapipa yake. "Watu wa kwao?" nikamuuliza. "Hakuna aliyekuja," akasema. "Hakuna aliyeitwa. Mwenyewe alikataza."

Wajukuu wangu wanajua kwamba bibi yao aliwahi kukaa Nigeria mwaka mzima. Wakiniuliza nilienda kufanya nini huwajibu kwamba nilienda kusoma, na wao huridhika, kwa kuwa kusoma ni kitu wanachokijua. Ukweli mrefu zaidi ulianzia hapa Garissa, katika wodi ya akina mama, nilipokuwa muuguzi kijana. Siku moja waliletwa mbuzi sokoni kwa lori kutoka upande wa Masalani, na juu ya lori, mbali na abiria wengine, aliketi mwanamke aliyejifunika gubigubi. Alikuwa amezaa mtoto mfu baada ya uchungu wa siku nyingi, na tangu hapo mkojo ulimtoka bila kukoma, usiku na mchana. Watu wake walikuwa wamemjengea kibanda nyuma ya boma, nje ya uzio wa miiba. Aliniambia kwa Kisomali, bila kulalamika, kwamba mbuzi walikuwa wakimkaribia kuliko ndugu zake. Tulimwosha, tukampa vitambaa, tukamrudisha kwenye lori. Hatukujua la kufanya zaidi. Baadaye kidogo ikaja habari kwamba kule Katsina, kaskazini mwa Nigeria, kuna hospitali inayowashona wanawake wa namna ile, na inapokea wauguzi wa nchi nyingine wajifunze kwa mwaka mmoja. Hakuna mwenzangu aliyetaka kwenda. Mama yangu alinifungia mkebe wa nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikakauka, akaniuliza swali moja tu: "Huko wana maziwa?"

Walikuwa nayo. Jioni ya kwanza Hafsatu, muuguzi niliyepangiwa kukaa naye chumba kimoja, aliniletea bakuli la maziwa ya mgando yaliyochanganywa na madonge ya mtama wa kusagwa, yenye tangawizi na pilipili, na nilipolimaliza akalijaza tena bila kuniuliza. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, sanduku lake la nguo, sanduku langu, na dirisha lililoelekea jiko la wauguzi, hivi kwamba kila lililosemwa jikoni lilikuja kulala nasi. Mwanzoni sikuambulia kitu. Kisha maneno yakaanza kujitokeza moja moja kama watu ninaowafahamu katikati ya umati. Dunia kwao ni duniya. Habari ni labari. Alhamisi ni Alhamis. Lakini mengine yalinichezea. Dada mkubwa kwao ni yaya, na wagonjwa walipoanza kuniita Yaya Zahara nilikaa wiki nzima nikidhani wananiona mlezi wa watoto wa watu. Jina langu ni Sahra, lakini hilo nililiacha uwanja wa ndege.

Siku za mapumziko Hafsatu alinitembeza. Alizaliwa ndani ya mji wa kale, ule uliozungukwa na ukuta wa udongo, na aliuonyesha kama mtu anayeonyesha nyumba yao, kwa majivuno na kwa kulalamika. Ukuta wenyewe sehemu nyingi umeyeyushwa na mvua, umebaki kama mgongo wa ngamia aliyelala, lakini malango bado yana majina, na watu huyataja wanapokuelekeza njia. Mara ya kwanza tulipolikaribia lango moja mkono wangu uliingia mkobani wenyewe. Hafsatu akaniuliza natafuta nini. "Kitambulisho," nikasema. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka. Mtu aliyekulia Garissa ameteremshwa kwenye basi pale darajani mara nyingi mno, akapangwa mstari juani, kipande mkononi, akaulizwa baba yake alizaliwa wapi. Mwili wake hauamini mlango wa mji usio na mtu wa kumhoji. Nilipita chini ya lango lile, nikarudi, nikapita tena.

Niliona kasri la mfalme wao na walinzi wake wenye vilemba vikubwa kama mito ya kulalia. Niliona nyumba za udongo zilizopambwa ukutani kwa michoro ya vidole. Niliona mashimo ya nili, visima vya duara vilivyojaa maji ya buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, na wanaume waliochutama pembeni wakitumbukiza vitambaa na kuvitoa, mikono yao imeshika rangi hadi viwikoni. Niliona Gobarau, mnara wa udongo uliosimama peke yake na ngazi zake zikiuzunguka, ambao zamani ulikuwa wa msikiti, kisha wanachuoni wakasomea chini yake. Na siku ya Idi nilisimama katika vumbi nikaona wapanda farasi wakimjia mfalme mbio, mikuki juu, kana kwamba watamkanyaga, wakasimama ghafla miguuni pake na kumsalimu. Sikuwa nimewahi kuona mji unaojitazama wenyewe kwa furaha namna ile.

Jioni ya siku hiyo nilikwenda nyumba ya wanawake. Ilikuwa ndani ya ua wa hospitali, banda refu la vitanda lenye uwanja wa mchanga mbele, ukuta kuzunguka na lango la bati. Humo waliishi wanaongoja kushonwa, na walioshonwa wanaongoja kupona, na wale ambao mshono haukushika wanaongoja kujaribiwa tena. Waliniuliza, "Leo umeona nini?" Nikaanza kuwasimulia kwa Kihausa changu kilichovunjikavunjika. Nilipofika kwenye farasi mmoja akaniuliza walikuwa wamevalishwa nini, mwingine akauliza kama ni kweli mfalme hufunikwa mwavuli, na ndipo nikaelewa. Wengi wao waliletwa kutoka vijijini kwa gari, wakateremshwa mlangoni, na mji ule ambao wamesikia sifa zake tangu utotoni hawakuwahi kuuona. Siku ya Idi walisikia tarumbeta ndefu za mfalme kutoka nyuma ya ukuta, basi. Mimi mgeni, niliyetoka upande wa pili wa Afrika, ndiye niliyekuwa nikiwaletea habari za mji wao.

Aliyeuliza kuhusu mwavuli alikuwa Talatu. Jina lake ni la Jumanne, siku aliyozaliwa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye chale nyembamba pembeni mwa mdomo zilizomfanya aonekane daima anataka kutabasamu. Umri wake hakuujua. Alijua kwamba aliolewa mwaka ambao mtama ulikuwa haba, na kwamba alipozaa mtoto mfu na kuharibika, mume alimrudisha kwa baba yake, na baba akamleta hospitali akaahidi kurudi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mara tatu na mara tatu haukushika. Hakuna mgonjwa aliyekaa pale muda mrefu kumshinda, kwa hiyo ndiye aliyewapikia wengine na kuwaonyesha wapya mahali pa kufulia. Alipotembea vitambaa vyake vilitoa sauti ndogo ya unyevu, na kila alipoinuka alipitisha kiganja pale alipokuwa amekaa, haraka, bila kutazama.

"Yaya Zahara," aliniuliza jioni moja, "juu ya huo mnara mtu anaona nini?"

"Mapaa."

"Na barabara?"

"Na barabara."

"Basi siku moja nitaupanda." Akakoroga chungu. "Na mji wenu, wageni wakija huwaonyesha nini?"

Nikafikiri. "Daraja," nikasema. "Na mto. Lakini wageni hawaji kutazama. Wanapita tu kwenda kwingine."

"Maskini," akasema, na wanawake wote wakacheka.

Nilimwambia Hafsatu kwamba Talatu anataka kuuona mji. Kesho yake nikiwa chumbani nikasikia akijibizana jikoni na muuguzi mkuu, mama wa makamo tuliyemwogopa wote. "Huyo Mkenya haujui mji huu," muuguzi mkuu alisema. "Wewe unaujua. Mtu mmoja tu akiziba pua mbele yake, mtamrudisha vipi?" Hafsatu akasema, "Hajiya, ana miaka mitatu humu." Kijiko kikagonga sufuria. "Mvisheni hijabu nyeusi," muuguzi mkuu akasema. "Na mrudi jua halijazama."

Tulikwenda siku ya soko, mwezi ambao upepo wa jangwani ulianza kuleta vumbi na asubuhi zikawa baridi. Talatu alijifunga vitambaa tabaka juu ya tabaka, na plastiki, na tena vitambaa, akawa mnene kiunoni kama mama wa watu. Tangu jana yake hakuwa amegusa maji. Tulikuwa tukiwahimiza kila siku wanywe, na sasa nilimbembeleza, nikaibeba chupa mkobani, akakataa kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Tulianza na mashimo ya nili kwa sababu yalikuwa karibu. Nilikuwa nimesahau jinsi yanavyonuka: majivu, majani yaliyooza, kitu kikali kinachopanda machoni. Talatu alisimama akavuta pumzi, akageuka kutazama wanunuzi waliojiziba pua kwa pembe za mitandio. "Hapa," aliniambia, "mimi ningeweza kuishi." Hafsatu alicheka kwa sauti na mimi nikacheka, na mmoja wa wale watia rangi, bila kujua tunacheka nini, akacheka pia na kumwinulia Talatu kitambaa kibichi akione. Alikitazama muda mrefu. Kikitoka kisimani kilikuwa cha kijani, na kadiri upepo ulivyokipiga kikawa buluu mbele ya macho yetu.

Mlinzi wa Gobarau hakucheka. Alikuwa mzee mwenye funguo na kikohozi, na Talatu alipompita alinyanyua pua kama mtu anayetafuta kitu kilichoungua. "Huyu angoje chini," akamwambia Hafsatu. Talatu akaanza kurudi nyuma papo hapo, macho chini, kama aliyezoea. Hafsatu akamshika kiwiko. "Baba," akasema kwa heshima zote, "mnara huu umenyeshewa na mvua za karne ngapi? Utaangushwa na msichana?" Yule mzee akakohoa, akafungua, akasogea mbali.

Juu palikuwa na upepo. Mji ulilala chini yetu na rangi ya mkate, mapaa bapa na vilele vidogo pembeni, misikiti, nguo zilizoanikwa. Nilimwonyesha kasri, nikamwonyesha uwanja walipokimbilia farasi. Aliangalia kwa adabu. Kisha akaugeuzia mgongo mji wote, akatafuta upande wa kaskazini mpaka akaiona barabara, uzi mweupe uliopotea katika vumbi. "Kwetu ni kule," akasema. "Sasa wanachuma maharage. Mama hunung'unikia mgongo, na huku hataki kusaidiwa." Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa chupa. Aliinywa yote pale pale, akimeza kwa nguvu, maji yakimtiririka kidevuni, kwa kuwa pale juu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwona.

Maji yale yalitukuta nyumbani kwa kina Hafsatu. Mama yake alikuwa ametupikia wali wa kusonga na mchuzi wa boga na karanga, na ametandika mkeka mpya katika chumba chake, chini ya mabakuli ya harusi yake yaliyopangwa ukutani hadi darini, yenye maua mekundu. Talatu aliomba akae nje mchangani. "Mgeni wangu hakai mchangani," mama akasema, akamvuta kwa mkono. Tulikula vizuri. Mama alimuuliza Talatu kijiji chake, akajua mtu wa huko, wakaongea juu ya bei ya kondoo. Tulipoinuka, kiganja cha Talatu kilipita juu ya mkeka haraka kama kawaida, lakini safari hii hakikutosha. Doa lilikuwa kubwa kama sinia. Mama wa Hafsatu aliukunja mkeka ule kama mtu anayekunja mkeka wowote, akautoa nje. Kisha tukasikia kutoka jikoni sauti ya mke wa kaka yake Hafsatu: "Mkeka huo mimi siukalii tena." Na sauti ya mama, bila hasira, ikajibu: "Basi utasimama." Nilimtazama Talatu. Alikuwa akihesabu mabakuli kwa macho, au akijifanya anahesabu.

Nilitaka turudi. Yeye ndiye aliyesema, "Na soko?" Kwa hiyo tulikwenda sokoni.

Alitembea nyuma yetu kidogo, akigusa vitu: vibuyu vilivyochongwa, ngozi nyekundu za mbuzi, mabonge ya chumvi. Kwenye safu ya wauza karanga palikuwa na mwanamke mnene aliyetandaza mbele yake pete ngumu za karanga zilizokaangwa. Alimwinulia Talatu pete moja aonje, mkono ukabaki hewani.

"Talatu?" akasema. "Talatu wa Malam Sule?"

Uso wa Talatu ulifunguka. "Inna Delu!" Akachutama kumsalimu, kwa kuwa alikuwa jirani yao kijijini, mtu aliyemjua tangu anatambaa.

Yule mwanamke hakumwitikia salamu. Alirudi nyuma kwa makalio yake mpaka akagonga gunia. "Wewe si ulikufa?" akasema. "Baba yako alitoka hospitali akatuambia umekufa. Tulikusomea hitma. Mimi mwenyewe nilisonga ugali wa msiba wako."

Nakumbuka kelele za soko hazikupungua. Talatu alibaki amechutama. Hafsatu ndiye aliyeuliza, kwa ukali, kwa nini baba aseme uwongo kama huo. Inna Delu akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Ana mabinti wengine watatu," akasema. "Nani ataposa nyumba yenye msichana wa namna ile? Watu walikuwa wanasema ni damu yao."

"Mama yangu," Talatu akasema. "Mama anajua?"

"Mama yako alilia mpaka sauti ikakatika."

Talatu aliweka viganja vyote viwili mchangani kama mtu anayetaka kusujudu. Kisha akasema, polepole sana, kwa sauti aliyokuwa akitumia kuwaelekeza wagonjwa wapya mahali pa kufulia: "Inna, nenda kwa mama. Usimwambie mbele ya watu. Mngoje kisimani. Mwambie umeniona, niko Katsina, napika, sijafa." Yule mwanamke akaapa kwa Mungu kwamba atasema. Alitufungia pete za karanga kwenye gazeti, nyingi, akakataa kulipwa, na alipompa Talatu alihakikisha vidole vyao vinagusana, nadhani ili awe na hakika.

Usiku huo na siku zilizofuata wanawake walipomuuliza ameona nini mjini, Talatu aliwasimulia yote: nili, mnara, mabakuli, ngozi nyekundu. Alisimulia vizuri kunishinda. La sokoni hakulisema, na sisi hatukulisema.

Akaanza kungoja. Kila gari lililosimama mlangoni, alikuwa na sababu ya kufagia karibu na lango. Katikati ya baridi daktari alimpeleka chumba cha upasuaji kwa mara ya nne, na mimi nilikaa kichwani pake nikimshika mkono. Baada yake alilala chali wiki mbili na mpira wa mkojo, akinywa maji kwa utiifu kikombe juu ya kikombe, na kila alfajiri nilipapasa shuka chini yake. Mpira ulipotolewa nilipapasa tena. Nikamwita Hafsatu apapase, nikidhani mkono wangu umekufa ganzi. Shuka lilikuwa kavu. Wanawake walipiga vigelegele na ngoma ya sufuria, wakamvisha kitenge kipya kama desturi yao kwa anayepona na kwenda nyumbani. Talatu alicheza nao. Kisha akakivua kitenge, akakikunja, akarudi jikoni. "Ningoje kwanza," akasema.

Likaja joto, hata mimi wa Garissa nikasalimu amri, na pamoja nalo ikaja ile homa ya kukakamaza shingo inayopita kule kabla ya mvua. Vitanda vya hospitali vilijaa hadi barazani. Halafu mvua ya kwanza ikanyesha, ukuta wa mji ukabomoka kipande kingine, na wiki ile, asubuhi ambayo kila mkulima alipaswa kuwa shambani, mlinzi akaja kusema kuna mzee nje ya lango la wanawake anamtaka Talatu binti Sule.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Talatu alikuwa na bakuli la unga mkononi. Aliliweka chini, akaenda hadi langoni, akasimama upande wa ndani, bega lake kwenye bati, na hakulifungua. Mimi nilitoka kwa mlango mdogo nikasimama nje na yule mzee, kwa kuwa sikujua pa kusimama. Alikuwa mwembamba, kanzu yake imelowa matope hadi magotini.

"Talatu," akaliambia bati. "Ni mimi."

"Unamtafuta nani, Baba?"

"Nakutafuta wewe. Wadogo zako wote wameolewa. Wa mwisho ameolewa mwezi uliopita. Sasa unaweza kurudi."

Mzee akanitazama, akatazama chini.

"Mama yuko wapi?" Talatu akauliza. "Inna Delu alimwambia?"

"Alimwambia."

"Mbona hakuja?"

"Alitaka kuja siku ile ile. Alifunga mzigo." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma ushahidi wake mwenyewe. "Nilimzuia. Nilimwambia tungoje harusi ipite, watu wasijue. Alikubali kungoja. Kisha ikaja homa ya shingo. Siku tatu, Talatu. Alikuwa akikuita, akaniapisha nikulete."

Bati lilitikisika kwa uzito wa bega lake. Nilifikiri ameanguka, nikasogea, na ndipo akasema, polepole, "Unilete kwa nani? Yeye hayupo. Na mimi mlinisomea."

"Tutasema tulikosea."

"Semeni mtakavyo. Mimi siendi."

Mzee hakubishana. Alikaa chini pale pale, mgongo kwenye ukuta, kwa sababu gari la kurudi lilikuwa la alasiri. Nikaingia ndani. Talatu alikuwa jikoni, amewasha moto. Alisonga ugali, akapika mchuzi wa majani ya mbuyu, akatia kipande cha nyama ambacho kilikuwa chakula chake mwenyewe cha siku ile. Alipakua katika bakuli la kifuniko na kunipa. Nilitoka nalo. Mzee alinawa, akasema bismillahi, akala huku machozi yakimdondokea mkononi, na hakuacha kula ayafute. Nilipoona amemaliza nikachukua bakuli. Alinishukuru kwa Kihausa cha adabu, akamwombea Talatu kupitia kwangu, akainuka kwenda kulitafuta gari lake.

Talatu alikuwa akiningoja nyuma ya lango, palepale.

"Amekula?"

"Amekula."

"Amemaliza?"

Nikamwonyesha bakuli.

"Amekonda?"

"Amekonda," nikasema.

"Miguuni alivaa nini?"

Nikamwambia: kandambili, na moja ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Hapo ndipo Talatu alipokaa chini mchangani, akiwa mkavu, katika nguo safi, akalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wanawake walitoka mmoja mmoja bandani na kukaa karibu naye, na hakuna aliyemuuliza kitu.